Kavu Kwanza

Mume wangu aliumizwa na tarumbeta lake mwenyewe. Nikisema hivi watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke, maana hata yeye alicheka siku ile huku damu inamtoka mdomoni. Walikuwa kwenye mazoezi ya bendi, ukumbi umejaa viti vya chuma, na mpiga ngoma kubwa akageuka ghafla kumwitikia mtu aliyemwita. Ngoma ile ni pana kuliko mlango wa jikoni kwangu. Ukingo wake ukagonga tarumbeta kwa mbele, tarumbeta likarudi nyuma, na kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji hukibandika midomoni kikalisukuma jino lake la mbele la juu kwa ndani.

Jino halikung'oka. Lingeng'oka siku hiyo hiyo tungelia tukamaliza. Lilibaki pale pale, ufizi ukapona, na Mapafu, ndivyo wanavyomwita kwenye bendi na ndivyo ninavyomwita mimi nikiwa na furaha naye, akarudi kupiga. Kisha jino likaanza kubadilika rangi. Kwanza likawa kama chai ya maziwa, halafu kama majivu. Akifika kwenye noti za juu anafumba macho, na mimi namjua mume wangu, huyo hafumbi macho kwa utamu.

"Nenda kwa dada yako," nikamwambia.

"Dada yangu atalitoboa."

"Ndiyo kazi yake. Ulitaka alibembeleze?"

Dada yake ni daktari wa meno, na pia anawafundisha wanaosomea kazi hiyo. Wanafunzi wamempa jina, Daktari Kavu. Analijua na halimsumbui. Limetokana na maneno anayowaimbia tangu siku wanayoingia mpaka siku wanayohitimu: kavu kwanza. Jino lenye mate halizibiki, dawa haishiki penye mate, mate ni adui. Hata nyumbani kwake sahani hairudi kabatini ikiwa na tone la maji. Mimi na yeye tuna utani wetu wa mawifi, yeye husema nimemnyang'anya kaka yake, mimi husema nimempunguzia mzigo. Lakini mkono wake nauheshimu. Meno aliyoniziba, hata moja halijanirudisha kwake.

Alimpiga kaka yake picha ya eksirei, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzizi unaliwa," akasema.

"Unaliwa na nini?" nikauliza.

"Na mwili wake mwenyewe. Jino likigongwa hivi, kuna wakati mwili unasahau kwamba ni lake. Unaanza kulila pole pole." Akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Mzizi wa jino lililo kando yake ulikuwa mrefu, umechongoka vizuri. Huu wa jino lililogongwa ulikuwa umelika pembeni kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mapafu akasema.

"Nguoni ingekuwa nafuu," nikamwambia. "Hiki kiko mdomoni."

Tukacheka wote watatu. Kisha wifi akaeleza kinachofanywa kwa kawaida, yaani kuling'oa na kuweka la bandia, na mume wangu akamuuliza swali moja tu.

"Nitapiga?"

Wifi akaiweka ile picha chini, akatueleza. Anayepiga tarumbeta anakandamiza chuma kwenye mdomo, na nyuma ya mdomo kuna meno ya mbele, hayo ndiyo ukuta wake. Wako waliowekewa jino la bandia wakajifunza upya. Wengi hawakuweza. Sauti huwatoka nyembamba, au haitoki.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema mume wangu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Niseme kitu ili nieleweke. Mume wangu si msemaji. Alipofiwa na mama yake alikaa msibani macho makavu, watu wakaanza kunong'ona. Tuliporudi nyumbani akaingia chumbani na tarumbeta, na kilichotoka humo kilinifanya niketi chini sakafuni. Aliponioa hakuniambia ananipenda, alinipigia. Kwa hiyo wanaosema "ni jino tu" wanipishe. Mimi niliogopa kubaki ndani ya nyumba na mtu aliyefungwa mdomo maisha yake yote.

"Kuna kitu," wifi akasema, lakini aliongea akiwa ameangalia mikono yake. "Si tiba bado. Tunakijaribu maabara."

Tukaenda kukiona. Maabara yenyewe ilikuwa chumba cheupe chenye ubaridi, mtungi wa gesi umefungwa mnyororo ukutani ili usianguke, na juu ya meza kuna kifaa kama kalamu nene chenye waya. Alikuwepo pia mtaalamu wa seli, mwanamke mpole mwenye miwani, ambaye wifi alimwita Jirani kwa sababu vyumba vyao vya kazi vimepakana ukuta kwa ukuta. Jirani hakuwahi kumtazama mtu mdomoni kwa kazi. Yeye alikuwa anafuga seli, vijisehemu vya uhai vilivyotolewa kwenye meno ya watu yaliyong'olewa, na alikuwa anavihangaikia kama mimi ninavyohangaikia watoto wangu wa chekechea.

"Lete kidole," wifi akaniambia.

"Usiniunguze. Kesho nina watoto wa kuwashikisha penseli."

Akabonyeza. Kwenye ncha ya ile kalamu pakatokea ulimi wa moto wa zambarau, mwembamba kama punje ya mchele, na akanipitisha kidole katikati yake. Nilifumba macho. Nilisikia kama mtu ananipulizia.

"Huu moto gani usiochoma?"

"Plazma. Ni gesi iliyopigwa umeme mpaka ikachanganyikiwa," akasema wifi. "Inawaka, lakini ni baridi. Sisi tunauita moto baridi."

Jirani akatuonyesha visahani vyake vya kioo chini ya darubini. Seli ambazo hazikupitishiwa moto zilikuwa zimelala tu. Zilizopitishiwa zilikuwa zimeamka, zimeanza kujenga kitu kigumu, kitu kile kile kinachojenga jino. Alikuwa amekipaka rangi nyekundu ili kionekane, na kisahani kizima kilikuwa na madoa mekundu. Mimi si mwepesi wa kuamini mambo. Lakini kazini kwangu nashinda kutwa na watu wenye mapengo, na kila mmoja wao jino lake linarudi bila hata kuombwa. Nikawaza, kwa nini lisirudi na la mume wangu? Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu.

"Kwenye mdomo wa mtu hatujafanya bado," wifi akasema. "Tumeruhusiwa kuanza na wachache watakaokubali wenyewe. Sikuahidi kitu, kaka."

"Sijaomba ahadi. Nimeomba kujaribiwa."

Nilikuwepo siku ya jaribio. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya ukuta, miguu ya mume wangu iko mbele yangu, viatu vimeng'arishwa kama anakwenda kwenye gwaride. Wifi alilifungua jino kwa nyuma, akasafisha njia nyembamba iliyomo ndani, akatoa vilivyokufa mpaka akafika kwenye ncha ya mzizi. Pale, akatuambia, palikuwa na nyama hai kidogo. Ndiyo pekee iliyobaki. Moto ukiiamsha hiyo, itaanza kujenga, na huenda mwili ukakumbuka kwamba jino ni lake.

Jirani alisimama mlangoni, mbali na kiti, maana hakutaka kuona damu. Kazi yake ilikuwa kuangalia mtungi wa gesi na saa.

Wifi akanyoosha mkono akachukua kile kibomba kilichoning'inia kwenye kiti, chenye vitufe viwili vilivyokaa pamoja, kimoja cha maji na kimoja cha upepo. Kidole gumba kikaangukia cha upepo chenyewe. Psss. Akakausha jino lote. Akaweka pamba kushoto na kulia, akaingiza ndani vijiti vya karatasi vinavyonyonya unyevu, kimoja baada ya kingine, mpaka kilichotoka mwisho kikatoka kikavu kabisa.

"Kavu kwanza," nikamtania kutoka pembeni.

"Umeanza kufuzu, wifi," akanijibu bila kugeuka.

Kisha akawasha moto. Ule mwanga wa zambarau ulionekana kupitia meno ya mume wangu, na nilidhani sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nasema nilivyoona.

Akapewa masharti ya kutogusa tarumbeta. Zikaanza wiki za ajabu nyumbani. Kile kikombe cha chuma alikichomoa kwenye tarumbeta akawa anatembea nacho mfukoni, na akiketi anakizungusha vidoleni. Bendi ikaweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, "kwa muda", wakasema, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfundisha nyimbo kwa kuimba kwa mdomo, ta-ra-ta, kama mtoto. Nilijifanya mchangamfu. Kila asubuhi namuuliza "Jino linasemaje?" na yeye ananiambia "Linakusalimu." Tulikuwa tunadanganyana kwa upendo, na kwa muda ilitosha.

Siku ya picha nyingine ilipofika, wifi alituketisha wote wawili. Hakuhitaji kunyoosha kalamu. Hata mimi niliona. Mzizi ulikuwa umebaki kisiki, na pale kwenye ncha, palipokuwa na ile nyama hai, palikuwa na kivuli cheusi. Jino lilikuwa linacheza.

"Sielewi," wifi akasema. "Kwenye visahani haikuwa hivi hata mara moja."

"Labda mimi ni kisahani kibovu," mume wangu akasema.

Wifi alitoka chumbani. Sikuwa nimewahi kumwona akitoka mbele ya mgonjwa.

Akaja kwetu Jumamosi, mchana. Mume wangu alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa, mimi nachambua mchele. Hakutaka chai. Aliketi kwenye kigoda cha jikoni, magoti juu, na koti lake zuri likaburuta sakafuni, naye hakulijali.

"Wifi, nimejua," akasema.

Yeye na Jirani walikuwa wameamua kurudia kila kitu tangu mwanzo, juu ya jino lililong'olewa, ili waone walipopotea. Jirani akamwambia, nionyeshe ulivyofanya, usiache hata kidogo. Wifi akalibana jino kwenye kibano, akachukua kibomba, akakausha. Jirani akauliza, unafanya nini? Nakausha. Kwa nini unakausha? Na wifi akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kulala.

"Seli zake zinaishi majini," wifi akaniambia. "Kwenye vile visahani kuna maji juu yake, maji membamba tu, huyaoni. Moto ule hauzigusi seli kabisa. Unayapiga maji, na maji ndiyo yanayogeuka dawa. Mimi nimeuwasha juu ya nyama kavu. Nimeipiga ikiwa uchi, wifi. Nimeiua kwa mkono wangu."

Niliweka ungo chini.

"Mmekaa ukuta kwa ukuta," nikasema, "mnakunywa chai pamoja, mnaitana Jirani, na hakuna aliyemwambia mwenzake kuna maji?"

"Nani anamwambia mtu kwamba samaki yuko majini? Kwake yeye lilikuwa jambo la wazi. Na mimi sikumwambia nakausha, kwa sababu kukausha si jambo la kusema. Ni kama kufungua mlango kabla ya kuingia."

"Na mimi nilikutania," nikasema. "Nikakaa pale nikakutania."

Nilimchukia. Sioni sababu ya kulipaka sukari. Nilimchukia yeye na kibomba chake na sahani zake kavu kabatini, na nilikuwa natafuta neno la kumkata nalo wakati mume wangu aliposukuma mlango, chupa ya mafuta mkononi. Alituangalia sote wawili. Wifi akasimama, akamwambia yote mara moja, bila kujificha nyuma ya maneno ya kidaktari. Hilo nalo nalisema, kwa haki.

Mume wangu aliiweka chupa juu ya meza. Mkono wake ukaingia mfukoni, nikajua umeshika kile kikombe.

"Mama alikuwa anakufukuza jikoni kwa hilo hilo," akasema. "Watu hawajamaliza kula, wewe unakausha sufuria."

"Kaka, nisamehe."

"Wale wengine waliokubali, utawalowesha?"

"Ndiyo. Wote."

"Basi."

Hiyo "basi" iliniuma kuliko lile jino. Sikutaka mume wangu awe somo la watu wengine. Wale wengine sikuwajua, na niseme kweli, siku ile sikuwatakia mema.

"Rudia kwake," nikamwambia wifi. "Safari hii mwachie maji. Rudia!"

"Hakuna cha kulowesha, wifi. Kilichokuwa hai pale kimekufa. Mzizi wenyewe haupo."

"Kuna moto, kuna maji, kuna huyu hapa. Wewe rudia tu."

"Mwalimu," mume wangu akaniambia, taratibu, jina analoniita akitaka ninyamaze. "Cha kuvunda hakina ubani."

Asubuhi ya kuling'oa alirudisha kile kikombe kwenye tarumbeta. Nilikuwa navaa. Nikasikia akivuta pumzi, na nikasimama na kitambaa mkononi, sijakifunga. Akapiga noti moja ya chini. Jino lilikuwa linacheza, kwa hiyo sauti nayo ilicheza, ikapasuka katikati, ikakata. Nilipoingia alikuwa anafuta damu kwenye chuma kwa ncha ya shati. Ndiyo noti ya mwisho niliyoisikia kwake, na nasikitika kusema haikuwa nzuri.

Wifi alikuwa amemtafuta daktari mwenzake afanye kazi hiyo. Mume wangu akakataa.

"Uliyeanza ndiye umalize," akamwambia, lakini kwa upole, kama anayempa mtu kiti.

Nikakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki. Viatu vyake safari hii vilikuwa na vumbi. Wifi akampiga sindano ya ganzi, tukasubiri. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia. Wifi akagonga jino kidogo, akauliza kama anasikia kitu, kaka yake akatikisa kichwa. Koleo lilikuwa tayari kwenye trei, juu ya kitambaa cheupe.

Akanyoosha mkono, na mkono haukwenda kwenye koleo. Ulikwenda kwenye kibomba, kama ulivyokwenda maisha yake yote. Kidole gumba kikaanguka mahali pake.

Psss.

Tulisikia wote. Mume wangu alikuwa mdomo wazi, hawezi kusema, macho yake yakapanda yakamtazama dada yake. Wifi aliganda. Kisha kidole kikahama kikaenda kwenye kitufe cha pili, na maji yakatoka. Alililowesha lile jino. Alililowesha mbele na nyuma na pembeni, jino lisilo na mzizi, jino alilokuwa anakwenda kuling'oa dakika ile ile, na hakuacha. Maji yakamjaa kaka yake mdomoni, yakafurika, yakashuka kidevuni na kuingia ndani ya kola. Mume wangu hakujitoa. Alikaa mdomo wazi akamwachia.

"Wifi," nikamwita. "Wifi, inatosha."

Hakunisikia. Ikabidi niinuke nikaushike mkono wake, na kidole chake gumba nilikibandua mwenyewe.